Picha ya Uwanja Mzima

Siku watani wa jadi wa Dar es Salaam wanapokutana, njia za Kariakoo hubadilika rangi tangu asubuhi. Young Africans, iliyoasisiwa mwaka 1935, ina makao yake Jangwani. Simba, iliyoanza mwaka 1936 na kuitwa Sunderland kwa muda mrefu kabla ya kujitwalia jina lake la sasa mwaka 1971, ina makao yake katika Mtaa wa Msimbazi. Mwenda kwa miguu hutoka kwa mmoja akafika kwa mwenzake bila safari ya kutajwa. Alasiri ujirani huo huhamia kusini, katika uwanja wa viti 60,000 uliofunguliwa mwaka 2007 na kupewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020. Huko hugawanyika: wekundu na weupe upande huu, kijani na njano upande ule. Mpiga picha akiwaelekezea hawa kamera yake, wale amewapa kisogo.

Haja ya kuwaona wote pamoja ndiyo asili ya picha pana, iitwayo panorama. Katika mwaka 1844, mjini Paris, Friedrich von Martens alitengeneza kamera ambayo lenzi yake iligeuka na kufagia upeo wa nyuzi 150. Kamera ya Cirkut, iliyopata hataza mwaka 1904 nchini Marekani, iligeuka yenyewe juu ya miguu yake mitatu kwa nguvu ya mitambo kama ya saa, huku filamu ikipita nyuma ya mwanya mwembamba. Watoto wa shule waligundua upesi siri ya chombo hicho: mmoja alisimama ncha ya kwanza ya mstari, akakimbia nyuma ya wenzake, akatokea tena ncha ya pili. Mzaha huo una maana kwa mwanahistoria. Picha ya namna hiyo haikunasa dakika moja, bali ilikusanya dakika nyingi na kuzivika sura ya moja.

Hapo jirani na uwanja huo upo ule wa zamani, ambao sasa huitwa Uhuru. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 taa zake zilizimwa, bendera ya Uingereza ikashushwa. Taa zilipowashwa, ya Tanganyika ilikuwa mlingotini. Picha ya kawaida, kwa maumbile yake, hudai kitu kimoja cha kutazamwa, na usiku ule kitu hicho kilikuwa bendera na wakubwa waliokuwa karibu nayo. Maelfu waliokuja kuishuhudia wakawa kivuli cha nyuma.

Siku hizi picha pana aghalabu hushonwa kwa vipande. Kamera huzungushwa juu ya kitovu cha lenzi yake, wala si juu ya kiwiliwili cha mpiga picha, la sivyo nguzo iliyo karibu na kichwa kilicho mbali hubadilishana nafasi. Kila kipande hulalia chenzake kwa kadiri ya theluthi moja. Kipimo cha mwanga hufungwa, kwa kuwa jukwaa moja huwa juani ilhali jingine limo kivulini. Mnamo 2003 Matthew Brown na David Lowe, huko Kanada, walieleza namna ya kuiachia kompyuta kazi ya kutambua alama zinazofanana na kuviunganisha vipande.

Lakini viti hutulia, watu hawatulii. Bao likifungwa wakati kamera ingali inageuka, jukwaa lililokwisha kupigwa hubaki limeketi milele, na lile linalofuata huruka juu. Mtazamaji wa kesho atadhani upande mmoja ulinuna ule mwingine uliposhangilia. Hata mshono wenyewe hupitishwa mahali ambapo vipande viwili vinakubaliana. Asiyekubaliana na nafsi yake ya sekunde iliyopita hukatwa mkono, au huondolewa kabisa. Basi shabiki mwenye kushangilia kuliko wote ndiye aliye katika hatari kubwa ya kufutwa.

Tena liko jambo la mkato. Duara kamili halilali juu ya karatasi mpaka lipasuliwe mahali fulani. Penye mpasuko hugeuka kuwa kingo mbili, na palipokabiliana napo huwa katikati. Mstari wa uwanja ulionyooka nao hupinda kama upinde. Kompyuta haina Usimba wala Uyanga, ila anayechagua pa kupasua huenda anao.

Kwa hiyo maktaba ikipokea picha ya uwanja mzima, haina budi kudai na vipande vyake, kila kimoja na saa yake. Huenda katika kimojawapo yumo yule aliyeondolewa na mshono, mkono wake wote ukiwa juu.