Kondakta, Kiongozi au Mwongozaji wa Okestra?

Tarehe 6 Aprili 1962, katika ukumbi wa Carnegie Hall jijini New York, Leonard Bernstein alipanda mbele ya okestra ya New York Philharmonic na, kabla ya kuinua kifimbo chake, akawageukia wasikilizaji. Aliwaambia waziwazi kwamba hakubaliani na namna ambavyo konseto ya kwanza ya mtunzi Brahms ingepigwa siku ile. Mpiga piano aliyealikwa, Glenn Gould wa Kanada, alitaka mwendo wa polepole kuliko uliozoeleka, na Bernstein aliamua kumfuata kwa kuwa aliziheshimu fikra zake. Hapo akauliza swali ambalo wapenzi wa muziki huo wanalijadili mpaka leo: katika konseto, yaani utungo ambamo chombo kimoja hujibizana na okestra nzima, mwenye kauli ya mwisho ni nani, mpiga piano au yule asimamaye na kifimbo? Mswahili anayetaka kulisimulia tukio hili hukwama mapema, kwa kuwa huyo wa kifimbo hatujakubaliana tumwite nani. Wengi huandika kondakta, wengine kiongozi. Naona jina linalomfaa ni mwongozaji, na aliyealikwa kwa onesho moja au mawili aitwe mwongozaji mwalikwa.

Sikatai kondakta kwa sababu ni neno la kukopa. Kiswahili kimekopa tangu enzi na kimetajirika kwa kukopa. Okestra yenyewe ni mkopo, na umetufaa: Orchestra Maquis Original na Orchestra Safari Sound zilipovuma Dar es Salaam, kila mpenzi wa dansi alijua kwamba okestra ni kundi kubwa la wapigaji wenye vyombo mbalimbali. Anayesikia kwa mara ya kwanza habari za okestra ya fidla, filimbi na tarumbeta anajengea juu ya maana aliyokwisha kuwa nayo. Solo nayo ni hivyohivyo. Wapiga gitaa la solo wameyazoesha masikio yetu neno hilo, basi kumwita Gould mpiga solo hakumpotoshi msomaji hata kidogo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha mkopo: maana ambayo neno limekwisha kuipata miongoni mwetu inamsogeza msomaji karibu na jambo, au inampeleka mbali nalo?

Kwa kipimo hicho kondakta anaanguka. Katika Kilatini, asili ya neno hilo ni kuongoza au kukusanya pamoja, lakini maana hiyo haikuvuka bahari pamoja na neno. Kwetu kondakta ni mtu wa basi, anayekusanya nauli na kuita abiria. Yuko atakayesema kwamba hata konda hutoa ishara, maana hugonga bodi ya gari na dereva akasimama au akaondoka. Ni hoja ya haki, na jibu lake linaonyesha tofauti ilipo. Konda hachagui njia wala mwendo, hayo ni ya dereva. Mtu wa kifimbo kazi yake hasa ni mwendo: utungo uanze kwa kasi gani, ulegee wapi, fidla zishuke kiasi gani ili piano isikike, tarumbeta ziingie kwa ukali au kwa upole. Haya yote huyaamua kwa kuyasoma maandishi ya mtunzi na kuyafikiria, kisha huwafikishia wapigaji katika mazoezi kwa maneno na jukwaani kwa mikono. Mzozo wa 1962 ulihusu jambo hilihili, maana nota za Brahms zilikuwa zilezile kwa Bernstein na kwa Gould.

Kiongozi ni neno zuri, lakini kiti chake kimekaliwa mara mbili. Katika dansi, kiongozi wa bendi ni mwanamuziki anayepiga au kuimba pamoja na wenzake na kusimamia mambo ya kundi. Huko Kongo, wanamuziki wa rumba humwita mtu huyo kwa Kifaransa mkuu wa okestra, jina ambalo Wafaransa wenyewe humpa mtu wa kifimbo. Tena katika okestra za Uingereza, cheo kinachoitwa kiongozi ni cha mpiga fidla wa kwanza, yule anayeketi karibu kabisa na jukwaa dogo la mwenye kifimbo na kupeana naye mkono. Tukitumia neno moja kwa wote hawa, taarifa ya onesho haitaeleweka.

Wanakwaya wana pingamizi lenye uzito zaidi. Makanisani kwetu yupo mtu asimamaye mbele na kupunga mikono, naye anaitwa mwalimu wa kwaya. Hata Waitaliano humwita mtu wa okestra maestro, yaani mwalimu. Lakini mwalimu wa kwaya huwafundisha waimbaji sauti zao, mara nyingi kutoka mwanzo kabisa, na hukaa nao miaka. Wapigaji wa okestra kubwa hufika wakiwa wamekwisha kujua kusoma nota, na mwalikwa hukutana nao kwa mazoezi machache tu. Hawafundishi kupiga, bali huwapa namna moja ya kuuelewa utungo. Zaidi ya hayo, hata wanakwaya husema kwamba mwalimu anaongoza wimbo. Kitenzi kimeshapatikana. Manju wa ngoma naye sikumsahau, ila manju hutunga na kuimbisha kwa sauti yake mwenyewe, ilhali mtu wa kifimbo hatoi sauti yoyote.

Huko kutotoa sauti ndiko kunakonivuta kwenye mwongozaji. Tunalo neno hili katika filamu na tamthilia: mwongozaji haigizi, na pengine hakuandika mchezo, lakini mchezo hubeba mawazo yake. Atakayesema kwamba basi nalo limekwisha kukaliwa, namjibu kwamba hapa mkaaji ni ndugu. Maana ya kwanza inaifafanua ya pili, na tukisema mwongozaji wa okestra utata unakwisha.

Wako pia wanaodai kwamba mtu huyu ni pambo tu. Hutaja Persimfans, okestra ya Moscow iliyopiga bila mwongozaji kuanzia 1922 hadi 1932. Kweli ilipiga, lakini wapigaji walilazimika kuketi kwa duara ili waonane, na mazoezi yao yalikuwa marefu. Kazi ya kuongoza ilibaki palepale, ikagawanywa kwa wote.

Kuhusu mwalikwa, ningependa tuliepuke neno mgeni, linaloweza kudhaniwa kuwa mtu wa nchi nyingine. Tarehe 14 Novemba 1943, Bruno Walter, mwongozaji mwalikwa wa New York Philharmonic, aliugua mafua, na Bernstein, msaidizi mwenye umri wa miaka 25, akapanda badala yake bila mazoezi. Walter alikuwa akiishi Marekani wakati huo. Hakuletwa kutoka nchi nyingine, bali alialikwa na okestra isiyokuwa yake. Tofauti hiyo ina maana, kwa kuwa mwalikwa huongoza wapigaji ambao hakuwachagua, waliozoea mkono wa mwingine, na sifa au lawama ya siku ile ni yake.

Nawaomba wahariri, watangazaji na watunga kamusi waandike mwongozaji wa okestra, mwongozaji mwalikwa na mpiga solo wa piano, na kondakta wamwachie basi lake.