Disleksia: Ugumu wa Kusoma Nini?

Kiswahili kimelitwika neno "kusoma" kazi mbili. Tukisema binti anasoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, pale Kinondoni, tunamaanisha ni mwanafunzi. Tukisema anasoma gazeti, macho yake yamo kwenye maandishi. Akihitimu, majirani watasema: "Yule amesoma." Kwa wengi wetu kazi hizo huenda pamoja. Kwa mwenye disleksia zinagongana kila siku, na mgongano huo ndio unaoitatiza tafsiri ya istilahi hii.

Neno "disleksia" lilibuniwa na daktari wa macho Mjerumani, Rudolf Berlin, aliyeliandikia kitabu mwaka 1887. Aliunganisha maneno ya Kigiriki: dys, yaani ugumu, na lexis, yaani neno. Miaka kumi kabla yake, Adolf Kussmaul alikuwa amezungumzia "upofu wa maneno". Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, akaeleza habari za kijana wa miaka 14, mwerevu, ambaye kusoma kulimshinda. Leo disleksia inafahamika kuwa ni hali ya kudumu: ubongo hupata taabu kuoanisha herufi na sauti zake kwa wepesi. Macho ni mazima, na akili pia.

Kwa hiyo "upofu wa maneno" hautufai, maana unatupeleka kwenye macho. "Ulemavu wa kujifunza" unameza na matatizo ya hesabu. "Ugumu wa kusoma" unakaribiana na Kigiriki chake, lakini umebeba zile kazi mbili: anayeusikia hudhani masomo yamemshinda mtu. Kutoka hapo hadi kumwita kilaza ni hatua moja. Mimi napendekeza tuseme disleksia, na tunapoifafanua tuongeze neno moja tu: ugumu wa kusoma maandishi.

Neno hilo moja linatusaidia pia kuona ugumu unapojificha. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa; "ba" ni "ba" popote uikutapo. Mtoto mwenye disleksia anaweza kukisoma bila kukosea, ila polepole, akavuka shule ya msingi akiitwa mzito au mvivu. Sekondari, Kiingereza kinapokuwa lugha ya kufundishia, anakutana na "tough" na "though", maneno yanayofanana machoni na kuachana mdomoni. Anapofika chuoni, kurasa ni nyingi na muda ni mfupi. Na kwa anayesoma kwa masafa, kama wanavyosoma wanafunzi wa Huria, mara nyingi maandishi ndiyo mwalimu.

Wengi hufika huko bila kupimwa na mtaalamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, katika makala ya mwaka 2017, walitumia istilahi inayowafaa watu hao: wanafunzi wenye historia ya ugumu wa kusoma, waliotambuliwa kwa maelezo yao wenyewe. Wanafunzi hao walipata wastani wa chini kuliko wenzao. Istilahi hiyo ni ya kuazima, kwa kuwa haimdai mtu cheti cha daktari ndipo asaidiwe.

Msaada wenyewe hauanzi na kupiga msuli usiku kucha. Anayekesha akirudia ukurasa uleule huongeza uchovu tu. Mwanafunzi aanze na muhtasari na hitimisho, ajue sura inaelekea wapi. Aiache simu imsomee kwa sauti huku macho yakifuata mistari. Kila aya aifupishe kwa maneno yake. Kwenye diskasheni aombe kuwa msemaji, kwa sababu kueleza kwa Kiswahili jambo lililoandikwa kwa Kiingereza ni kipimo kizuri cha kulielewa. Naye mhadhiri ampe muda wa ziada kwenye mtihani, maana kinachopimwa ni ujuzi, si kasi ya macho. Bila hayo, mwanafunzi hodari anaweza kurundika sapu hadi akadisko, na sote tukaamini hana akili.

Mwanafunzi aliyesikiliza sura nzima ndani ya daladala ya kutoka Tegeta, akashuka na kuwaeleza wenzake hoja kwa hoja, huenda hakusoma ukurasa hata mmoja. Lakini amesoma.