Mvinje, Mkia-farasi na Hoja ya Uzazi: Mfano wa Pwani ya Mapinga

Anayevuka Mto Mpiji kutoka Bunju akaingia Mapinga, wilayani Bagamoyo, kisha akashuka hadi baharini, hakosi kukutana na mvinje. Mti huu umepandwa sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki kwa ajili ya kukinga upepo, kushikilia mchanga na kupata nguzo na kuni. Ni rahisi kuudhania ndugu wa msonobari, kwani unaangusha kitu mfano wa sindano na kuzaa kitu mfano wa koni. Aliyesoma kidogo zaidi huenda akauweka karibu na mkia-farasi, mmea wa jenasi Equisetum. Mwanabotania Linnaeus mwenyewe aliuona ufanano huo, na mwaka 1759 akauita mvinje Casuarina equisetifolia. Hoja yangu ni kwamba ufanano huo ni wa kweli, lakini hausemi lolote kuhusu ukoo. Ukoo unasomwa kwenye uzazi.

Tuanze na shina. Kile kinachoitwa jani la mvinje ni kitawi cha kijani, chembamba, chenye mifereji ya urefu. Ukikivuta taratibu kitaachana kwenye kifundo, na kwa lenzi ya mkononi utaona pale pete ya meno madogo, kwa kawaida 6 hadi 8. Meno hayo ndiyo majani. Kazi ya kutengeneza chakula imehamia kwenye shina, na vinyweleo vya kupitishia hewa vimejificha ndani ya mifereji, mbali na upepo mkavu. Mkia-farasi nao una shina la pingili, majani yaliyosinyaa na kuungana kuwa ala kwenye kila kifundo, na mifereji yenye vinyweleo. Lakini ukikata shina lake utakuta mvungu katikati, umezungukwa na mivungu midogo, na ngozi yake imejaa silika kiasi kwamba watu wa Ulaya waliitumia kusugulia vyungu. Tofauti nyingine haionekani upesi: kwenye mvinje, kama kwenye mimea mingine ya maua, tawi huchipuka kwapani mwa jani, kwenye mkia-farasi huchipuka kati ya jani na jani.

Tofauti kubwa imo katika uzazi. Mkia-farasi hauna ua wala mbegu. Kwenye ncha ya shina hutokea koni ya vijiti vyenye vichwa bapa vya pembe sita hivi, na chini ya kila kichwa huning'inia vifuko vya spora. Kila spora ni chembe ya kijani yenye tepe nne. Hewa ikiwa na unyevu, tepe hujiviringisha juu ya spora; ikikauka, hukunjuka. Pumzi ya mtu inatosha kuzifanya zicheze chini ya hadubini. Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa kukunja na kukunjua huko huzifanya spora zitembee ardhini, na nyingine ziruke juu hadi upepo uzidake.

Safari hiyo hata hivyo haimalizi uzazi. Spora haiishi muda mrefu, na ikiota haizai mkia-farasi moja kwa moja. Huzaa kimmea cha milimita chache, gametofiti, kinachojitegemea juu ya udongo wenye maji. Seli ya kiume yenye mikia mingi lazima iogelee kulifikia yai. Bila tone la maji hakuna kutungwa. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mmea huu huenea zaidi kwa rizomu zake (mashina ya chini ya ardhi) kuliko kwa spora. Spishi ya Equisetum ramosissimum, inayopatikana Afrika Mashariki, ni mmea wa kingo za mito na mahali penye unyevu.

Mvinje hauhitaji tone hilo. Chavua ya maua yake ya kiume, yaliyo kwenye ncha za vitawi, hubebwa na upepo hadi kwenye vichwa vyekundu vya maua ya kike, na seli ya kiume husafirishwa hadi kwenye yai ndani ya mrija wa chavua. Hicho tunachokiita koni ni mkusanyiko wa matunda; kila tunda ni punje yenye bawa inayotoka koni ikifunguka.

Msomaji makini atapinga: je, spora basi ndizo zilizoufungia mkia-farasi njia ya ufukwe? Hapana, na hapa lazima niwe mwangalifu. Kwenye mikoko ya pwani hii ya Bagamoyo humea Acrostichum aureum, jimbi linalozaa kwa spora na kuhitaji maji vilevile, nalo huvumilia chumvi. Spora peke yake hazitoi jibu. Kinachoamua ni kama gametofiti itapata pahali pa kuishi. Tope la mikoko baada ya mvua linaweza kuwa pahali hapo. Mchanga mkavu wa ufukweni hauwezi.

Walimu wa biolojia wa Mapinga, Kerege na Bagamoyo hawana haja ya kusubiri sampuli za mkia-farasi kutoka nyanda za juu ili wafundishe somo hili. Wawape wanafunzi kitawi cha mvinje, tunda lake na jani la jimbi la mikokoni lenye spora, kisha wawatake waseme kipi ni ndugu wa karibu zaidi wa mkia-farasi. Jibu sahihi ni jimbi, ambalo halifanani nao hata kidogo.