Ukimya wa Mwenye Ghala

Tarehe 12 Mei 1997, siku tatu kabla hisa za Amazon hazijaanza kuuzwa kwa umma, kampuni ya Barnes & Noble ilikwenda mahakamani. Hao walikuwa na maduka ya vitabu kila pembe ya Marekani, na walikuwa wamechoshwa na kampuni changa ya Seattle iliyojitangaza kuwa duka kubwa la vitabu kuliko yote duniani. Madai yao hayakuhitaji wakili kuyafafanua: hili si duka, ni dalali wa vitabu. Rafu zake ziko wapi?

Kesi iliishia kwenye makubaliano nje ya mahakama mwezi Oktoba mwaka huohuo. Hata hivyo, kwenye jambo la msingi walalamikaji hawakuwa wamekosea. Amazon ilipofungua tovuti yake Julai 1995, ilijinadi kwa vitabu milioni moja huku vilivyokuwa mikononi mwake vikiwa vichache mno. Mteja akiagiza, nayo iliagiza kwa wauzaji wa jumla, hasa Ingram na Baker & Taylor, kisha ikavifunga upya na kuvituma kwa jina lake. Mwanzilishi wake, Jeff Bezos, aliichagua Seattle kwa sababu kadhaa, mojawapo ikiwa kwamba Ingram walikuwa na ghala kubwa Roseburg, katika jimbo jirani la Oregon.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Wauzaji wa jumla hawakukubali oda ya chini ya vitabu kumi, na mteja wa Amazon alitaka kimoja. Bezos mwenyewe amesimulia mara nyingi walivyokwepa: sharti lilikuwa kuagiza kumi, si kupokea kumi. Basi waliagiza kile kimoja walichokihitaji, wakajazia nakala tisa za kitabu kuhusu ukoga unaoota kwenye mawe na magome ya miti, ambacho walijua fika kwamba hakipo ghalani. Kikaja kimoja, na samahani kwa vile tisa.

Biashara hii ya kuuza mali iliyo kwenye ghala la mwenzako, ambayo vijana wa mitandaoni wanaiita dropushipingi, kwa kawaida huelezwa kama mtoto wa intaneti. Ina umri mkubwa kuliko redio. Kilichobadilika kila kizazi ni namna ya kuificha. Anayeuza hivi hana ghala wala mzigo. Pengine hana hata duka. Mtaji wake hasa ni ukimya wa yule mwenye ghala.

Tazama kifurushi chenyewe. Anwani ya mtumaji iliyobandikwa juu si ya ghala kilikotoka. Ni ya muuzaji ambaye hajawahi kukigusa. Ndani mna karatasi ya mzigo yenye nembo yake na bei aliyotoza yeye. Bei ya jumla haionekani popote. Kipeperushi cha kiwanda kimeondolewa, na hata gundi ya kufungia boksi ni ile isiyo na maandishi, maana mteja akiona namba ya simu ya msambazaji, oda ya pili haitapitia kwa dalali. Kwenye mizigo mikubwa ya malori siri huwa ya pande mbili. Dereva anakuwa na hati mbili za shehena: ya kwanza anaionyesha langoni mwa kiwanda, na mpokeaji aliyeandikwa humo ni mtu wa kati, ya pili anaitoa kwa mteja, na humo mtu wa kati ndiye mtumaji. Kiwanda hakimjui mnunuzi, mnunuzi hakijui kiwanda, na mtu wa kati analala usingizi mzuri mpaka siku dereva atakapochanganya karatasi.

Wa kwanza kufanya hivi kwa kiwango kikubwa hawakuuza vitu vya kupendeza. Marekani ya reli, karne ya 19, ilikuwa na wauzaji wa jumla wa makaa ya mawe na mbao ambao ghala lao lilikuwa meza na telegrafu. Walinunua behewa zima mgodini au kwenye kiwanda cha mbao, na behewa likaenda moja kwa moja kwa mnunuzi. Hapakuwa na sababu ya kushusha tani za makaa mjini Chicago ili yapakiwe tena kwenda kwingine. Kwao ilikuwa hesabu tu ya gharama za kubeba.

Anayekumbukwa zaidi ni kijana mmoja wa stesheni. Mwaka 1886 Richard Sears, hajatimiza miaka 23, alikuwa wakala wa reli huko North Redwood, Minnesota. Sonara wa hapo alikataa kupokea shehena ya saa za mfukoni kutoka kwa muuzaji wa jumla wa Chicago. Kwa utaratibu wa siku zile mzigo uliokataliwa ungerudishwa kwa gharama ya mtumaji, hivyo Chicago iliona afadhali Sears auziwe kwa bei ya chini. Inasimuliwa kwamba kila saa alipewa kwa dola 12, naye akawapa mawakala wenzake wa stesheni nyingine kwa dola 14, wauze watakavyo. Ndani ya miezi sita faida ilifika kama dola 5,000. Akaacha reli, akaanzisha kampuni ya saa Minneapolis, mwaka uliofuata akahamia Chicago na kumwajiri fundi saa Alvah Roebuck. Kampuni ya Sears, Roebuck ilipata jina hilo mwaka 1893.

Sears hakuwa wa kwanza kuuza kwa posta. Aaron Montgomery Ward alikuwa ametoa karatasi yake ya bei, yenye bidhaa 163, tangu 1872. Ila Ward alipenda kununua kwanza ndipo auze. Sears alikuwa mtu wa tangazo. Katika miaka ya mwanzo alitangaza hata kitu ambacho bado hakijawa mikononi mwake, akakusanya oda, ndipo akahangaika kukitafuta. Wakulima wa nyikani hawakuwa na njia ya kujua, na wala hawakujali sana, mradi kitu kifike.

Nyuma ya vigogo hao ukazuka mtindo mdogo zaidi, na kwangu huo ndio chimbuko halisi la mauzo haya ya siri. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwapo makampuni ya ugavi yaliyochapa vitabu vya bidhaa vinavyofanana neno kwa neno, isipokuwa jalada. Mtu yeyote mwenye fedha kidogo na meza jikoni aliweza kuagiza mia kadhaa vyenye jina lake, kana kwamba ni mfanyabiashara mkubwa. Alivisambaza, akapokea oda na malipo, akakata faida yake, akatuma kilichobaki kwa kampuni pamoja na lebo yenye jina lake. Kampuni ikabandika ile lebo na kutuma. Watu wawili wa mtaa mmoja waliweza kuuza bidhaa zilezile, kutoka ghala lilelile, kila mmoja akimponda mwenzake. Matangazo ya mpango huo yalijaa kurasa za nyuma za majarida, yakiahidi utajiri bila mtaji. Ukisoma matangazo ya leo ya kozi za mtandaoni utaona ahadi haijabadilika hata nukta, na sasa kama wakati ule, wengi waliopata fedha ya uhakika ni waliouza mpango wenyewe.

Posta ndiyo iliyowabeba. Kabla ya 1913 posta ya Marekani haikupokea kifurushi kinachozidi ratili nne. Kizito zaidi kilikuwa cha makampuni binafsi, kwa bei waliyopenda. Tarehe 1 Januari 1913 huduma ya vifurushi ilianza, ikipokea hadi ratili 11, na kiwango kikazidi kupandishwa baadaye. Kila biashara ya aina hii, ukiikwangua, utakuta chini yake nauli ya posta iliyoshuka.

Serikali ilichelewa kuingia. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Marekani ilitoa kanuni ya mauzo kwa posta: muuzaji atume ndani ya muda alioutangaza, na kama hakutaja muda, ndani ya siku 30, akishindwa, amwombe mteja ridhaa au amrudishie fedha. Wa kubanwa alikuwa yule aliyepokea oda, hata kama kuchelewa ni kwa ghala asilolimiliki. Siri ikawa na upande wa pili: ukimficha msambazaji wako, makosa yake yanakuwa yako.

Bezos alijifunza hatari ya kutegemea ghala la mwenzake kwa njia nyingine. Novemba 1998 Barnes & Noble walitangaza kwamba wanainunua Ingram kwa dola milioni 600. Yaani mshindani aliyemwita dalali sasa angelimiliki ghala ambalo dalali huyo alilitegemea, na pamoja nalo habari za nini kinaagizwa na kwa wingi gani. Wauza vitabu wadogo walipiga kelele, wasimamizi wa ushindani wakaonyesha kutoridhika, na Juni 1999 mpango ukafutwa. Kufikia hapo Amazon ilikuwa tayari inajenga maghala yake huko Nevada, Kansas na Kentucky. Haikutaka tena kuishi kwa ukimya wa mtu.

Zappos, wauza viatu wa mtandaoni, walifika hapohapo kwa uchungu zaidi. Nick Swinmurn alianza mwaka 1999 kwa kupiga picha viatu dukani kwa watu na kuviweka mtandaoni. Oda ikija, ananunua palepale dukani na kutuma. Kisha wakaingia mikataba na viwanda vitume vyenyewe. Taabu ilikuwa hesabu: kiwanda kinasema namba 42 ipo, kumbe iliuzwa jana, na anayelaumiwa ni Zappos. Mwaka 2003, mauzo ya namna hiyo yakiwa kama robo ya mapato yote, mkuu wao Tony Hsieh aliyakata kabisa. Wenye kampuni ndogo wengi wangezirai. Wao walijaza mali ghala lao la Kentucky, karibu na kitovu cha ndege za UPS, na mwaka 2009 wakanunuliwa na Amazon.

Niraj Shah na Steve Conine wa Boston walikwenda kinyume. Kuanzia 2002 walifungua tovuti moja ya stendi za televisheni, nyingine ya vyombo vya kupikia, nyingine ya samani za watoto, hadi zikapita 200, kila moja ikijifanya duka la mabingwa wa kitu kimoja. Zote zilikuwa za watu walewale, na mizigo ilitoka kwa watengenezaji. Mwaka 2011 waliziunganisha chini ya jina Wayfair. Kwa samani mtindo huo una mantiki ileile ya makaa: hakuna anayetaka kuhamisha kabati mara mbili.

Halafu ikaja China. AliExpress ilifunguliwa 2010 na kumruhusu mtu wa popote kununua kipande kimoja kwa bei iliyo karibu na ya kiwandani. Kampuni ya Shopify ya Ottawa, iliyozaliwa baada ya Tobias Lütke kuhangaika kuuza mbao za kuteleza kwenye theluji, ilikuwa inakodisha maduka ya mtandaoni tangu 2006. Vijana wa Vilnius, Lithuania, wakaunganisha viwili hivyo mwaka 2015 kwa programu ya Oberlo: bonyeza, picha za saa ya Shenzhen zinahamia dukani kwako, mteja akilipa, oda inakwenda China yenyewe. Shopify iliinunua Oberlo 2017 na kuifunga 2022.

Tena posta ndiyo iliyobeba. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa mjini Bern mwaka 1874, posta inayopokea mzigo hulipwa na ile iliyoutuma, na China ilikuwa kwenye kundi la nchi zinazolipa kidogo. Kifurushi kidogo kutoka Guangdong kiliweza kufika Marekani kwa nauli ndogo kuliko kile cha mji wa jirani. Juu ya hilo, mwaka 2016 Marekani ilipandisha thamani ya mzigo usiotozwa ushuru kutoka dola 200 hadi 800. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine: Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi kwa mizigo ya chini ya euro 22 mnamo Julai 2021, Marekani, iliyokuwa imetishia kujitoa kwenye Umoja wa Posta, ilipata Septemba 2019 mjini Geneva haki ya kujipangia nauli, na ule msamaha wa dola 800 ukaondolewa kwa mizigo ya China Mei 2025, kwa nchi nyingine Agosti mwaka huohuo.

Lakini kabla ushuru haujafika, siri ilikuwa imeshavuja. Mteja anayesubiri wiki tatu na kupokea bahasha yenye stempu za China hahitaji mpelelezi. Akitafuta kwa picha kwenye simu anaiona saa yake kwa robo ya bei aliyolipa.

Kariakoo, jijini Dar es Salaam, wana mwana wa ukoo huu, naye anaitwa winga. Winga hana fremu ya duka. Anakupokea barabarani au kwenye Instagram, anapiga picha mali ya duka la mtu, anaongeza cha juu chake, na mzigo unakwenda Mwanza au Mbeya kwa basi. Ni tofauti na mali kauli ya wazee wa pwani, ambayo mtu aliichukua kwa ahadi ya kulipa na ikipotea ilikuwa juu yake. Winga hachukui chochote mpaka fedha yako imeingia kwenye simu. Akikuletea mzigo utauona kwenye mfuko mbadala usio na maandishi, hata kama duka linatoa bure mifuko yenye jina na namba zake. Wenye maduka wanajua, na wengi wamenyamaza kwa sababu winga anawaletea wateja wasiowafikia.

Kwingineko wenye maghala wamekwisha kuamua kusema wenyewe. Tovuti ya Temu ilipoingia Marekani Septemba 2022 iliwapa watengenezaji wa China njia ya kuuza kwa mteja wa mwisho bila tovuti ya kijana yeyote katikati. Na Kariakoo, wenye fremu wameanza kununua taa za duara na kuuza mubashara kwenye TikTok, namba ya duka ikiwa juu ya skrini. Mawinga wengine wamekubali kuajiriwa wawe ndio wanaosimama mbele ya kamera.