Kuiga na Kuigiza: Vichekesho vya Runinga Vikitazamwa kutoka Mishamo

Wanafunzi wanaponiletea tahakiki za vichekesho vya runinga, kipimo chao karibu daima ni kimoja: mwigizaji ameipata lafudhi au ameikosa. Akitamka Kiswahili kama Mmasai wa kwenye vichekesho, au kama mtu wa Kigoma wa kwenye vichekesho, hupewa alama za juu. Kipimo hiki kina historia, nami nimeona kwamba historia hiyo hueleweka vyema mtu akiitazama kutoka Mishamo.

Makazi ya Mishamo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 katika misitu ya Mpanda, eneo ambalo leo limo mkoani Katavi. Waliopelekwa huko walikuwa Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980, alionyesha kuwa watu wa Mishamo waliushikilia ukimbizi wao na simulizi zake, ilhali wengi wa mjini walijichanganya na wenyeji na kubadili utambulisho kadiri hali ilivyodai. Mimi nauita huo uigizaji usio na jukwaa. Mtihani wake mgumu ulikuwa matamshi, kwa kuwa Kirundi hakitenganishi r na l kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Aliyeteleza ulimi hakupigiwa makofi.

Zanzibar ilipata televisheni mapema miaka ya 1970. Bara ilingoja hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza. Kabla ya hapo kicheko chetu kilikuwa cha redio, enzi za Pwagu na Pwaguzi. Redioni mwigizaji hana uso wala kanzu. Lafudhi ndiyo vazi lake, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuja baadaye: picha zilipofika, masikio yetu yaliendelea kuamua peke yake.

Chukua mfano wa Vitimbi cha Kenya. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini Mzee Ojwang wake alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo. Lafudhi aliiweza, hilo halina ubishi. Hata hivyo, mtazame anaponyamaza. Mama Kayai, yaani Mary Khavere, anapoanza kumhoji, macho ya mzee hutafuta uongo kabla mdomo haujafunguka. Kinachochekesha ni mwanamume anayedai heshima nyumbani mwake huku hana cha kuidaia. Iondoe lafudhi, na mzee huyo bado yupo. Joti naye, tangu enzi za Ze Comedy hadi Ze Orijino Komedi, amecheza babu, bibi na mtoto. Katika nafasi zake bora, mgongo na mkono hutangulia sauti. Lugha yetu imekwisha kutupatia tofauti hii, kwani kuiga si kuigiza. Wapo wengine, nisiowataja, ambao ukiwanyang'anya matamshi ya kabila la jirani hawabakiwi na kitu.

Kwa nini jambo hili limsumbue mtumishi wa umma? Wakimbizi wa mwaka 1972 na vizazi vyao wapatao 162,000, wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu, walipewa uraia wa Tanzania. Awali ilipangwa wahamishiwe mikoa mingine. Mpango huo ukaachwa, na mwaka 2014 vyeti vikaanza kugawiwa. Kijana aliyezaliwa Mishamo anakuja mezani na cheti chake, lakini sikio la karani limefunzwa kwa miaka na vichekesho kwamba r mahali pa l ni dalili ya mgeni au ya mjinga. Sheria imemaliza swali ambalo sikio linaendelea kuuliza. Sisemi wachekeshaji ndio waliolianzisha. Lilikuwapo tangu zama za vibali. Nasema sisi tunaowapa alama tumekuwa tukilituza.

Muhula huu nimewaagiza wanafunzi watazame kila kipande mara mbili, mara ya kwanza sauti ikiwa imezimwa, na watoe alama kabla ya kuiwasha. Malalamiko yamekwisha kufika ofisini: waigizaji kadhaa mashuhuri wamepata sifuri.