Ureno katika sahani ya Mandewa

Mama lishe wa Mandewa, jirani na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, hupakua ugali wa dona, maharage, mlenda, na pilipili pembeni. Mlenda ni wa hapa tangu enzi za mababu. Mahindi, maharage na pilipili asili yake ni Amerika, na kwa sehemu kubwa ni merikebu za Wareno zilizovivusha hadi pwani yetu.

Tukitaka kuijua Ureno, tumezoea kuelekezwa kwenye mawe: mnara wa Malindi, magofu ya Kilwa, Ngome ya Yesu ya Mombasa. Yanafaa kuonwa. Lakini mawe hayo yanasimulia zaidi habari za bunduki.

Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon Julai 1497, akafika Malindi Aprili 1498 na kupewa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India. Aliporudi Januari 1499, mfalme wa Malindi alimkabidhi pembe ya ndovu ampelekee Mfalme Manuel, na kijana mmoja wa mji ule akapanda merikebu kwenda kuiona Ureno. Natamani watoto wetu wangefundishwa safari hiyo kwa macho ya kijana yule: mto Tagus unavyotanuka kabla ya kumwagikia Atlantiki, na mji uliopanda vilima juu yake.

Urafiki huo haukuenea pwani nzima. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliiteka na kuipora Kilwa, kisha akaichoma moto Mombasa. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593. Waomani waliitwaa Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu.

Wareno wenyewe hawakuja kutawala Singida. Mbegu ndizo zilizosafiri bara, mkono kwa mkono. Sifa ya safari hiyo nawapa wakulima, hasa akina mama, waliojaribu mbegu ngeni bila kuutupa mtama na uwele, nafaka zinazovumilia ukame wetu.

Huko Ureno nako mahindi yalikuwa mgeni. Kaskazini, katika mkoa wa Minho, yakawa unga wa mkate mzito uitwao broa, unaoliwa na supu ya viazi na sukuma wiki. Nchi yenyewe ni ya miamba ya matale, kama Singida. Katika kijiji cha Soajo, maghala ya mahindi yamejengwa kwa mawe hayo juu ya jabali moja, kila ghala likiinuliwa kwa nguzo fupi zenye vifuniko vipana ili panya asipande. Kuta zina nyufa nyembamba za kupitisha upepo. La zamani zaidi ni la 1782. Mkulima wa Mandewa aliyewahi kujenga kihenge ataielewa kazi hiyo kwa kuitazama tu.

Pilipili nayo ilipata safari ya pili. Msumbiji na Angola zilipopata uhuru mwaka 1975, Wareno wengi walirudi kwao na mapishi ya huku, na kuku wa kuchoma kwa pilipili akazidi kupendwa. Anapasuliwa kifuani, analazwa bapa juu ya mkaa, kisha anapakwa pilipili iliyosagwa na kitunguu saumu, limao na mafuta ya zeituni. Kuku wa kienyeji Singida tunaye, na mahali pa zeituni mafuta yetu ya alizeti yanatosha kabisa.