Kufyatua na Kufyatuka: Mtambo wa Bunduki na Maneno Yake katika Milima ya Upare

Vudee ipo katika milima ya Upare wa Kusini, Wilaya ya Same. Chini ya milima hiyo, katika bonde la mto Pangani, ilipita njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Uchaga. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 njia hiyo ilileta bunduki kwa wingi. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai wa Usambara, alikaa Mazinde penye njia hiyo, naye alipata nguvu nyingi kwa biashara ya silaha. Upare ulikuwa mojawapo ya nchi zilizoteswa na mashambulio yake.

Bunduki ilikuja pamoja na maneno yake. Neno lenyewe asili yake ni Kiarabu, ambako maana ya kwanza ni aina ya kokwa, kisha kitufe cha kurushia, kisha silaha. Risasi, baruti na kasiba vile vile ni maneno ya Kiarabu. Lakini msomaji akiitazama sehemu inayofanya kazi, yaani ile inayoishika nguvu na kuiachia, ataona kwamba majina ni ya Kibantu, nayo yametoka kwa watega mitego. Mtambo ulikuwa mtego kabla ya kuwa sehemu ya bunduki. Kifyatuo kimetokana na kufyatua, na kufyatua ni kinyume cha kufyata. Mbwa hufyata mkia, mtu mwenye busara hufyata ulimi. Kiambishi -ua hufungua kilichofyatwa, kama vile fumba na fumbua. Aliyekiita chuma hicho kifyatuo alikwisha kukielewa barabara, maana kifyatuo hakipigi kitu: huachia tu kilichoshikwa.

Yafaa kuueleza mtambo wenyewe. Katika bunduki ya gumegume nyundo hubana jiwe, na kamani hulisukuma jiwe hilo kwenye chuma hata cheche ziiangukie baruti. (Kamani nayo ina safari yake: katika Kiajemi ni upinde, ikafika pwani kwa njia ya Bara Hindi ikiwa na maana ya chuma kinachokunjuka.) Mtu akipanza mtambo, nyundo hurudi nyuma, na ncha ya kipande kidogo cha chuma huingia katika pengo lililochongwa kwenye shina la nyundo. Mapengo ni mawili: moja la nusu, la usalama, na moja la mwisho, la kupigia. Kifyatuo huiondoa ncha ile pengoni, basi.

Kwa hiyo maradhi ya mtambo mara nyingi hukaa mahali padogo kuliko ukucha. Makali ya pengo yakilika, nyundo huanguka bila kuguswa. Kamani ndogo inayoisukuma ncha ikivunjika au ikilegea, nyundo haishiki kabisa. Ikiwa kifyatuo ni kizito, huenda kutu imekikamata, au mti wa kitako umevimba kwa mvua, jambo ambalo katika milima yenye ukungu si la kustaajabisha.

Hapo ndipo mhunzi huhitajika. Upare ulikuwa nchi ya chuma zamani sana kabla ya bunduki. Katika Ugweno, upande wa kaskazini, chuma kiliyeyushwa kutoka mchanga mweusi uliochotwa mitoni, na jina la ukoo wa Washana limeshikamana na kazi hiyo hata baada ya Wasuya kuwanyang'anya utawala. Lakini chuma kinachofaa jembe ni laini. Pengo lililochongwa upya kwa tupa katika chuma hicho hulika upesi, isipokuwa limechomwa muda mrefu ndani ya makaa yaliyofunikwa, kisha likatiwa majini. Kamani ni shida zaidi: hutaka chuma cha pua, kwa kuwa chuma laini kikikunjwa hubaki kimekunjwa.

Gumegume ilidumu Afrika kuliko Ulaya, na sababu mojawapo ni sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha bora zisiingizwe kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ila bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba ziliweza kuruhusiwa. Silaha mpya zilibaki mikononi mwa watawala. Maofisa wa Kijerumani walikuwa na bastola za mzinguko za 1879 na 1883, na jeshi la Kiingereza lilichukua ya Webley katika 1887. Vita vya 1916 vilipita Same, kwenye reli ya Tanga na Moshi.

Bastola ya mzinguko iliongeza jambo ambalo Kiswahili hakijalipa jina. Tangu Adams wa London katika 1851, kifyatuo cha baadhi ya bastola hizo hupanza nyundo, huzungusha tumba la risasi, kisha huiachia nyundo. Jina kifyatuo hutaja theluthi tu ya kazi hiyo. Kikikataa kurudi mbele, fundi mwangalifu huhakikisha kwanza kwamba vyumba vyote vya risasi ni vitupu, kisha husafisha mafuta yaliyoganda kabla ya kushika tupa, maana kilichopunguzwa hakirudi. Baada ya hapo huitazama kamani ya kukirudisha. Nyundo ikianguka kwa kuguswa tu, huangalia pengo, naye hubadilisha kipande kizima kuliko kukichonga.

Haya si mambo ya karakana peke yake. Mshitakiwa anaposema bunduki ilifyatuka, na shahidi akasema aliifyatua, kati yao pana silabi moja, na Kanuni ya Adhabu hutofautisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Kufyatuka kwaweza kuwa udhuru wa uongo; kwaweza pia kuwa habari kamili ya pengo lililolika. Tangu 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini kile kipande kinachoingia pengoni hakina jina lililozoeleka, na wengi huita mtambo wote triga. Komeo lingefaa, kwa kuwa kazi yake ni ile ile ya mlangoni. Hata hivyo ingekuwa haraka mno kulitia kamusini kabla ya kuwauliza wahunzi wa Vudee na wa Ugweno wao hukiitaje.